Gari Likiwa Mikononi mwa Wengine
Maelezo kuhusu kusafirisha gari kwa lori kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, yaliyotolewa kwa wananchi katika mkutano wa elimu kwa mlaji



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa wakazi wa Mwanza, Geita, Shinyanga na Kagera si geni hata kidogo. Gari limenunuliwa Dar es Salaam, mwenyewe yuko huku Kanda ya Ziwa, na kati yao pana zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Gari hilo halina budi kufika. Linalobaki ni kujua nani atalileta, kwa masharti gani, na likifika na kasoro ataulizwa nani.

Tuanze na shauri moja lililofika kwenye dawati letu la malalamiko, kwa kuwa limebeba karibu kila kitu tunachotaka kusema. Mlalamikaji ni muuguzi wa hapa hapa mkoani. Alisafiri hadi Dar es Salaam, akazunguka yadi kadhaa, akachagua gari dogo lililotumika, akalilipia kwa akiba yake na mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Likizo yake ilikuwa imekwisha. Pale yadini akaelekezwa kwa dalali mmoja aliyemwambia kwamba lori la kubebea magari linaondoka kesho yake na kwamba gari litakuwa Mwanza baada ya siku tatu. Alilipa fedha zote kwa simu, akaacha ufunguo, akapanda basi kurudi kazini.

Siku tatu zikawa nane. Usiku wa siku ya nane, yapata saa tano, alipigiwa simu na dereva asiyemfahamu. Gari lipo Usagara, njoo ulichukue sasa hivi, lori linageuza. Alikwenda na mdogo wake kwa bodaboda. Wakaliangalia gari kwa mwanga wa simu, likawaka, akatia saini kwenye karatasi aliyopewa, akaliendesha nyumbani. Kulipopambazuka aliona ufa kwenye kioo cha mbele ukianzia chini upande wa abiria, bampa la nyuma limepasuka kwa chini, na ndani ya buti hakuna tairi la akiba wala jeki.

Alimpigia dalali. Dalali akamjibu kwamba yeye kazi yake ilikuwa kumkutanisha na mwenye lori, basi. Mwenye lori naye alisema gari lilipanda likiwa hivyo hivyo, na kwamba saini ya mama mwenyewe ipo. Tulipoletewa karatasi ile tuliisoma: “Nimepokea gari langu likiwa salama.” Chini yake jina, namba ya simu na saini. Hakuna kingine.

Ndugu zetu, sheria haikuwa imemtupa mama huyu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ule ule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo. Anayepakia gari la mtu kwenye lori lake kwa malipo ameingia katika wajibu huo, awe amesema au hakusema. Ila kabla ya kufika kwenye wajibu, kila mwamuzi huuliza kwanza uharibifu huu ulitokea mikononi mwa nani. Tulimwuliza mama yule: siku gari lilipopandishwa lorini, lilikuwa katika hali gani, na nani aliandika? Hakuna aliyeandika. Yeye alikuwa ndani ya basi, pengine amekwisha kupita Morogoro.

Wapo watakaosema kwamba angekodi dereva, akaletewa gari likitembea kwa magurudumu yake. Ni njia inayotumiwa na wengi na hatuikatazi. Lakini tuwe wakweli juu yake. Faini za makosa ya barabarani huandikwa kwa namba ya gari, kwa hiyo mwendokasi wa dereva wa siku mbili unaweza kukusubiri wewe kama deni miezi ijayo. Madereva wengine huona viti vitupu kuwa hasara, nao hujaza abiria wa kulipa njiani. Hapo tatizo si uchafu wa viti tu. Bima ya gari binafsi kwa kawaida imewekewa mipaka ya matumizi, na gari binafsi linalobeba abiria wa kulipa limetoka nje ya mipaka hiyo. Ajali ikitokea katika hali hiyo, kampuni ya bima ina hoja ya kukataa kulipa. Mwenye kuchagua dereva, basi, amchague anayemfahamu, na waandikiane. Sisi leo tunashughulika na lori.

Turudi kwenye siku ya kukabidhi gari, maana tunaamini ndiyo siku iliyo kubwa kuliko zote, hata kuliko siku ya kulipokea.

Gari likabidhiwe likiwa safi. Tunasema hivi kwa sababu vumbi huficha mikwaruzo, na mkwaruzo uliofichika Dar es Salaam huonekana mpya Mwanza, au kinyume chake: mkwaruzo mpya hudaiwa kuwa wa zamani. Lioshwe, likauke, kisha mzunguko ufanyike mchana, wewe au mwakilishi wako upande mmoja, na mtu wa lori upande wa pili. Kama wewe umekwisha kuondoka, mwachie kazi hiyo ndugu au rafiki aliyeko huko, mtu mwenye macho makali na asiye na haraka. Dalali asiwe mwakilishi wako, kwa sababu yeye analipwa ili gari lipakiwe, na wewe unataka likaguliwe kwanza.

Piga picha za pande zote nne, za kila rimu, za kioo cha mbele kwa karibu, za dashibodi ikionyesha kilomita zilizotembewa na kiasi cha mafuta, na za buti likiwa wazi. Picha moja iwe na gari na namba ya lori pamoja. Watu wengi hupiga picha nzuri za gari jipya wakiwa wamesimama mbele yake wakitabasamu. Picha hizo ni za familia, zitunzwe, lakini mbele ya shauri hazisaidii sana.

Kisha iandikwe hati ya makabidhiano. Haihitaji wakili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, ukiwa na tarehe, saa na mahali, namba ya usajili wa gari au namba ya chesisi kama bado halijasajiliwa, namba ya lori, jina la mwenye lori na la dereva, na orodha ya vitu vinavyosafiri na gari: tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, redio, vioo vya pembeni, makapeti, betri. Kasoro zilizopo ziandikwe pia, nanyi msizionee haya. Hati inayosema kwamba gari halina hata mkwaruzo, kumbe bampa lina alama, itakuangusha mbele ya mwamuzi, kwa kuwa akishaona kwamba umeficha dogo hatakuamini kwa kubwa. Watie saini wote wawili, na kila mmoja abaki na nakala. Dereva akikataa kutia saini, mnayo bado nafasi ya kutafuta lori jingine. Gari likishapanda nafasi hiyo haipo.

Kadi halisi ya gari isisafiri na gari. Hili tunalirudia kila mahali tunapokwenda. Kadi ni ushahidi wa umiliki. Toa nakala yake kwa ajili ya ukaguzi wa njiani, yenyewe ikae kwako. Ufunguo utoe mmoja tu. Mafuta yaachwe ya kutosha kupanda na kushuka na kufika kituo cha karibu, si tangi zima, kwa sababu mafuta ni uzito na pia ni kishawishi. Na jambo linalowakera wengi tunapolisema: gari si kontena. Tumeona magari yanapandishwa lorini yakiwa na televisheni, magodoro, majiko na mifuko ya nguo hadi kwenye paa. Msafirishaji amepatana nawe kubeba gari. Vitu vya ndani ambavyo havikuandikwa popote vikipotea, itakuwia vigumu mno kuthibitisha hata kwamba vilikuwapo. Aidha, lori linapita kwenye mizani ya barabarani, Vigwaza na kwingineko mpaka Singida na kuendelea, na uzito usiotajwa ni ugomvi wa dereva na watu wa mizani ambao utalichelewesha gari lako pamoja na ya wenzako.

Mkiwa bado hapo, tazameni gari linavyofungwa. Mikanda ikipita juu ya magurudumu gari hutulia, na mshituko wa barabara huenda kwenye tairi na springi kama ilivyokusudiwa. Mnyororo uliofungwa kwenye kiungo chochote kilichopatikana chini ya gari unaweza kupinda chuma usichokiona, nawe ukaja kushangaa kwa nini usukani unavuta upande mmoja. Njia hii ina vilima vyake. Anayekumbuka mteremko wa Sekenke, baada ya kuiacha Singida, anajua gari lililofungwa ovyo linapimwa wapi. Na kama lori ni la ghorofa mbili, ulizeni gari lenu litakaa juu au chini; lililoko chini linaweza kudondokewa na mafuta machafu ya lililoko juu yake, na hili nalo si ajabu kuliandika.

Sasa ni nani huyo mnayepatana naye? Dalali ana kazi halali, na wapo waaminifu sana. Tatizo linaanza pale mlaji anapodhani amepatana na mwenye lori, kumbe fedha zimepita mikono mitatu na kila mkono umekata chake. Mtu wa mwisho, ambaye ndiye mwenye gari lako kweli kweli, huenda alipata kiasi ambacho hakimpi sababu ya kukuheshimu. Kabla ya kulipa, pata jina la mwenye lori, namba ya usajili ya lori, na uthibitisho kwamba lina leseni ya kusafirisha mizigo kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA. Ongea na mwenyewe kwa simu, umweleze bei uliyotajiwa na siku ya kufika uliyoahidiwa, umsikie anavyojibu. Dakika tano hizo zimewaokoa watu wengi, kwa kuwa mara nyingine bei anayoijua mwenye lori ni tofauti kabisa na uliyoambiwa, na siku nazo ni tofauti.

Kuhusu siku, elewa namna biashara hii inavyokwenda. Lori haliondoki kwa sababu gari lako lipo tayari. Huondoka likijaa. Likipata magari mawili, linasubiri la tatu na la nne, na mwenye lori hapendi kukuambia hivyo asije akakupoteza. Kwa hiyo ahadi ya “kesho” iandikwe kwa tarehe, na iandikwe pia kwamba tarehe hiyo ikipita kwa siku kadhaa mlizokubaliana, una haki ya kulichukua gari lako na kurudishiwa fedha zako. Usilipe zote mwanzoni. Sehemu ilipwe wakati wa kupakia, iliyobaki baada ya gari kushushwa na kukaguliwa. Fedha iliyobaki mkononi mwako ndiyo inayomfanya dereva asubiri mpaka umalize kuzunguka gari. Na dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba fedha zilitoka. Hauonyeshi zilikuwa za huduma gani.

Tufike kwenye bima, mahali ambapo lugha huwachanganya wengi. Ukiuliza, utajibiwa kwamba lori lina bima, nalo huenda linayo kweli. Lakini bima ambayo sheria inalazimisha kila chombo cha moto kuwa nayo ni ile ya mtu wa tatu, tuliyozoea kuiita bima ndogo. Hiyo inawalinda watu wengine wanaoweza kudhurika na lori lile likiwa barabarani. Gari lililobebwa mgongoni mwake ni mzigo, na mzigo unahitaji bima yake, bima ya mizigo iwapo safarini. Omba kuiona hati. Soma jina la aliyekatiwa bima, tarehe ya mwisho, na kiwango cha juu kinacholipwa kwa gari moja, kwa sababu hati inaweza kuwa hai na kiwango chake kisifikie nusu ya thamani ya gari lako. Na kama wewe mwenyewe umekatia gari bima kubwa, iandikie kampuni yako kabla ya safari uulize kama kinga hiyo inafuata gari likiwa limebebwa. Jibu lije kwa maandishi.

Mtakutana pia na risiti zilizopigwa mhuri wa maneno kwamba mzigo unasafirishwa kwa hasara ya mwenyewe. Wengi wakishaona mhuri huo hukata tamaa wakaenda zao. Tunasema msikate tamaa upesi. Mhuri haufuti kila wajibu, hasa kama maneno yale ulionyeshwa baada ya kulipa, au kama ulikuwa umehakikishiwa kinyume chake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji na kumtendea kwa ukandamizaji. Hata hivyo tungependa zaidi muusome mhuri kabla ya kulipa, mkaukatae.

Gari likifika, pokea mchana. Tunajua lori huingia saa yoyote, na dereva aliyetoka Dodoma alfajiri anataka kulala au kugeuza. Mwambie kwa heshima kwamba utakuja asubuhi, na kama kuna gharama ya kulilaza gari yadini, mara nyingi ni ndogo kuliko kioo kimoja. Akikataa kabisa, nawe huna budi kulichukua usiku, usitie saini kwenye maneno yaliyokwisha kuandikwa na mwingine. Andika kwa mkono wako mwenyewe, juu ya saini: “Limepokelewa usiku saa tano, mwanga hautoshi, ukaguzi haujakamilika.” Kisha asubuhi kagua, piga picha, na siku hiyo hiyo mpelekee mwenye lori maelezo ya ulichokikuta. Ukiwa na hati ya kukabidhi kutoka Dar es Salaam, kazi yako ni kulinganisha tu: hiki kilikuwapo, sasa hakipo. Angalia pia chini ya gari, na kilomita. Gari lililobebwa halitembei, kwa hiyo kilomita zikiwa zimeongezeka kwa mamia, mtu alilishusha akalitumia, naye atafutwe.

Kasoro ikithibitika, andika barua ya madai kwa mwenye lori, utaje kiasi unachodai na uambatanishe makadirio ya fundi. Mpe siku za kujibu. Suala la leseni na mwenendo wa msafirishaji lipelekwe LATRA. Suala la kupotoshwa kwa bei au ahadi lipelekwe Tume ya Ushindani. Kampuni ya bima ikikataa dai bila sababu ya maana, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kilichoibwa kitolewe taarifa polisi bila kusubiri majibizano ya simu yaishe. Na mahakama ipo, japo kwa dai la tairi na jeki wengi wataona safari ni ndefu.

Mama muuguzi tuliyeanza naye hakwenda mahakamani. Tuliwaita pande zote mbili. Alikuwa na bahati moja ambayo hakuijua: siku ya kununua gari alikuwa amemtumia mume wake picha tatu kwa simu, na katika moja yake buti lilikuwa wazi, tairi la akiba linaonekana. Mwenye lori alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akakubali kulipia tairi na jeki. Picha nyingine ilionyesha kioo cha mbele, lakini jua lilikuwa limekipiga, kikang'aa chote kama bati. Ufa kama ulikuwapo au haukuwapo, hakuna aliyeweza kusema. Kioo alikinunua mwenyewe. Bampa bado limefungwa kwa waya, na gari analitumia kwenda zamu.

Tumekuja na nakala za hati ya makabidhiano, zipo mezani pale mlangoni, kila mtu achukue mbili. Mwenye gari ambalo sasa hivi liko njiani kutoka Dar es Salaam asogee mbele na karatasi zake, tuzisome pamoja kabla lori halijafika.